Uzi wa Makongeni

Katika mji wa Thika uko mtaa mkubwa uitwao Makongeni. Makanga wa matatu hulitaja jina hilo tangu alfajiri hadi usiku, na abiria hupanda na kushuka bila kufikiri maana yake. Lakini majina ya mahali ni kumbukumbu. Makongeni ni mahali penye mikonge. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, ukisafiri kutoka Ruiru kwenda Thika na kuendelea hadi Makuyu, ungaliona mashamba makubwa ya kahawa na ya mkonge, safu baada ya safu, hata macho yakachoka. Leo sehemu nyingi za nchi hiyo zina viwanda, mananasi na nyumba za ghorofa. Mkonge umepungua, lakini umetuachia kitu ambacho labda kimetundikwa ukutani nyumbani kwenu, au kinaning'inia begani mwa mama yako aendapo sokoni. Kitu hicho ni kiondo.

Huenda ukauliza, je, kiondo kina historia gani ya kuandikwa kitabuni? Historia tunayofundishwa ni ya vita, sheria na wakubwa. Hata hivyo, iko historia nyingine, iliyofanywa na mikono ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Ukiichunguza historia ya kiondo utajifunza jambo moja kubwa: kwamba ufundi wa wazee wetu haukudumu kwa kuwa ulikataa kubadilika, bali ulidumu kwa sababu wenyewe hawakuacha kujifunza jambo jipya, kidogo kidogo, kila siku, nyumbani mwao.

Watu wengi hudhani kwamba kiondo cha mkonge ni kitu cha tangu enzi za kale. Hilo ni kweli nusu tu. Kiondo ni cha kale. Mkonge si wa kale. Zamani akina mama wa Kikuyu na wa Kikamba walisokota kamba zao kutokana na magome ya vichaka na miti ya porini. Kwa Wakikuyu, mmoja wa mimea iliyosifiwa kwa kazi hiyo ni mugio. Mama alikata fito zake, akachuna gome, akalilainisha, akatoa nyuzi zake, kisha akazisokota kwa kiganja juu ya paja hadi zikawa kamba nyembamba yenye nguvu. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya kilichotolewa mwaka 1938, aliutaja ususi wa vyondo miongoni mwa kazi za ufundi za Wakikuyu, pamoja na uhunzi na ufinyanzi. Kusuka vyondo kulikuwa ni kazi ya wanawake. Kiondo kilibeba viazi, mtama na maharagwe, nacho kilichukuliwa mgongoni kwa mkanda wa ngozi uliopita juu ya kichwa.

Sasa tazama jinsi kazi yenyewe inavyokwenda. Msusi huanza kitakoni. Hupanga nyuzi chache zikapishana katikati na kutawanyika pande zote kama miale ya jua. Hizo ndizo mitande. Kisha huchukua nyuzi mbili za mshindio, akazizungusha, moja ikipita mbele na nyingine nyuma ya kila mtande, akizipinda na kukaza. Kila duara linapopanuka huongeza mitande mipya, ili kitako kisiwe na mapengo. Na kitako kikitosha, huacha kuongeza, na kiondo huanza kupanda juu. Hakuna kitanda cha mfumi wala mashine. Chombo ni vidole kumi na subira.

Kwa sababu hiyo kazi hii haikuhitaji siku yake maalumu. Mama aliweza kusuka akitembea, akingoja chungu kichemke, au akizungumza na wenzake. Kiondo kimoja huweza kuchukua majuma, lakini hakuna aliyekaa majuma akisuka tu. Kilikua kwa mizunguko michache leo na michache kesho. Haba na haba hujaza kibaba. Na binti aliyeketi kando alitazama, akapewa kamba mbovu ajaribu, akafumua, akajaribu tena. Wahenga walisema kwamba mwana hutazama kisogo cha nina, na katika ufundi huu methali hiyo haikuwa mfano tu. Ndiyo iliyokuwa shule yenyewe.

Je, mkonge ulifikaje kwetu? Asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, ikapitia Hamburg na kuletwa pwani ya Tanganyika. Safari ilikuwa ndefu, na miche mingi ikafa. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache yakatokea mashamba makubwa ya Tanga, na mwanzoni mwa karne ya 20 mkonge ukapandwa Kenya pia. Miongoni mwa mashamba yake ya kwanza ni Punda Milia, karibu na Makuyu, kaskazini ya Thika. Mwaka 1913 reli kutoka Nairobi ilifika Thika, ikipitia Ruiru, na mazao ya walowezi yakapata njia ya kwenda Mombasa na ng'ambo. Mwaka 1927 ikaundwa kampuni ya Kakuzi, nayo ilianza kwa mkonge.

Lakini tusisahau kwamba ardhi hiyo haikuwa tupu ikingoja mikonge. Sheria za ardhi za mwaka 1902 na 1915 ziliwapa walowezi mashamba ambayo sehemu yake ilikuwa milki ya jamaa za Wakikuyu au malisho ya Wamasai. Watu waliokuwa wenye nchi wakawa vibarua. Kodi iliwalazimu kutafuta fedha, na fedha zilipatikana kwa kukata majani yenye miiba kutoka asubuhi, kwa ujira mdogo. Tangu mwaka 1920 hivi, mwanamume alitembea na kipande shingoni. Kwa hiyo mmea huu haukuja kama zawadi. Ulikuja pamoja na huzuni.

Hapa ndipo pana jambo la kustaajabisha. Akina mama waliutazama mmea uleule, wakaona kwamba nyuzi zake ni ndefu, ni ngumu, ni nyeupe, na hushika rangi vizuri. Mikonge ilianza kupandwa mipakani mwa mashamba madogo, iwe ua wa kuzuia mifugo. Na kutoka kwenye ua huo jani likaingia nyumbani. Usidhani kwamba ilikuwa rahisi. Utomvu wa mkonge huwasha ngozi. Jani halichunwi kama gome la mugio. Hulazwa juu ya ubao na kuparuliwa hadi nyama yake ya kijani itoke na nyuzi zibaki, kisha nyuzi huoshwa na kuanikwa juani. Uzi wake ni mkavu na mkali kuliko uzi wa gome, na paja lililozoea kusokota ule wa zamani lilichubuka kwa huu mpya. Mama aliyekuwa fundi tangu ujanani ilimbidi awe mwanafunzi tena. Alijifunza wapi? Nyumbani, jioni, akiona kwa jirani na kujaribu mwenyewe. Hakuna afisa wa serikali aliyetoa amri, wala hakuna cheti kilichotolewa. Hivyo mmea wa shamba la mlowezi ukageuzwa kuwa mali ya jiko la mama, na baada ya kizazi kimoja au viwili watoto wakaamini kwamba umekuwako siku zote.

Badiliko la pili lilikuja wakati wa shida. Mwezi wa Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na kuanzia mwaka 1954 maelfu ya jamaa za Wakikuyu walihamishwa kwa nguvu wakakusanywa katika vijiji vilivyolindwa. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa katika miaka hiyohiyo, kikiwa chini ya idara ya serikali, na vikundi vyake vilifundisha kushona, kufuma na kupika. Wako waliovishuku vikundi hivyo, wakisema ni mkono wa serikali. Nao walikuwa na sababu, kwa kuwa serikali ilivitumia kuwavuta wanawake upande wake. Hata hivyo, maarifa hayana mwenyewe. Sindano na sufi zilipozoeleka vijijini, akina mama walizipeleka walikotaka. Wasusi wengine walianza kufumua sweta kuukuu, wakasokota nyuzi zake na kuzitumia pamoja na mkonge, na mistari ya rangi nyekundu, buluu na kijani ikaingia katika kiondo. Kitu cha wageni kikajifunza kusema lugha ya nyumbani.

Baada ya uhuru, ulimwengu ukakigundua kiondo. Katika miaka ya 1970 na 1980 vyondo viliuzwa kwa wingi Ulaya, Marekani na Japani. Vikapata mikanda ya ngozi, vifuniko na vifungo, na wanaume pia wakaingia katika kazi ya kushona ngozi na kuuza. Ada za shule nyingi zililipwa kwa vyondo. Kisha, ilipofika nusu ya pili ya miaka ya 1980, mifuko iliyoigwa na kutengenezwa kwa mashine huko Asia ikajaza masoko kwa bei ndogo, na biashara ikaanguka. Mkonge wenyewe nao ulikuwa umekwisha kupigwa na kamba za plastiki, na baadhi ya mashamba ya Thika yakawa ya mananasi. Hasara hiyo ilikuwa kubwa kwa wale waliotegemea mnunuzi wa mbali. Lakini yule ambaye ufundi ulikuwa desturi ya nyumba yake hakuacha kusuka. Alipunguza kuuza, akaendelea kutumia.

Si sisi peke yetu tuliojua nguvu ya desturi kama hiyo. Huko Bara Hindi, katika miaka ya 1920, Mahatma Gandhi aliwahimiza watu wake, matajiri kwa maskini, wasokote pamba kwa gurudumu nyumbani kila siku, naye mwenyewe akafanya hivyo.  Alitaka kila mtu aone kwa vidole vyake kwamba anaweza kufanya kitu bila kuomba ruhusa. Mama wa Ruiru aliyeparua mkonge uani kwake hakuandika hotuba juu ya jambo hilo, lakini alilijua.

Nakuja sasa kwako, kijana usomaye. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na watu wengi wakakikumbuka kiondo. Ungedhani kwamba ufundi umeokoka. Mimi sidhani hivyo, maana kuwako kwa wanunuzi si sawa na kuwako kwa wanafunzi. Thika na Ruiru zimekuwa miji ya watu wa makabila yote. Mzazi huondoka kabla ya jua kuchomoza na hurudi usiku, na mtoto hurudi nyumbani akakuta daftari, televisheni na simu. Hakuna ubaya katika vitu hivyo. Lakini ufundi unaorithiwa kwa kutazamwa hauwezi kurithiwa pale ambapo hakuna anayeketi kando ya mwenzake. Zamani mmea mpya ulipokuja, wako waliojua kusokota, wakajifunza kuusokota huo mpya. Ikiwa kizazi kimoja kitakosa kujua kabisa, basi hata mmea bora ukiletwa, hakutakuwa na mkono wa kuupokea. Uzi ukikatika katikati ya kamba huungwa. Mkono usiojua kusokota hauna cha kuunga.

Usije ukaniambia kwamba huna nafasi. Hakuna mama katika historia hii aliyekuwa na nafasi. Alikuwa na shamba, maji, kuni, watoto na kibarua. Ufundi aliutia katikati ya mambo hayo. Nusu saa kila jioni yatosha. Wala si lazima uanze na kiondo, wala si lazima uwe msichana. Pengine nyumbani kwenu yuko afumaye vitambaa, adariziye mashuka, achongaye vijiko au ashonaye viatu. Kazi yako ya kwanza itakuwa mbaya. Ifumue, uanze tena, kama walivyofumua wao.

Basi jumamosi ijayo mwendee nyanya yako, au mzee yeyote wa jirani mwenye ufundi mkononi. Usimwulize habari za zamani tu. Mwombe akupe nyuzi mbili na akuonyeshe mzunguko wa kwanza. Huenda atacheka. Kisha atasogea kidogo kwenye kiti chake, ili upate mahali pa kuketi.