Kubadilisha visu vya kerezo kwa haraka: Muundo unaofaa karakana za Laare

LAARE, mji wa biashara ya miraa katika Igembe Kaskazini, Kaunti ya Meru, huishi kwa kuhesabu saa. Majani hayo huanza kupoteza makali takriban saa 48 baada ya kuchumwa. Pikapu inayoyasafirisha ikikwama kwa sababu ya pini au bushi iliyochakaa, hasara humwangukia mkulima na mfanyabiashara kwa pamoja.

Vipuri vya namna hiyo hutengenezwa kwa kerezo, mashine ambayo mafundi wa jua kali huiita leithi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya muda wa fundi haipotei katika kukata chuma, bali katika kubadilisha visu.

Kisu na kitovu

Kerezo huzungusha chuma huku kisu kilichokazwa juu ya kitelezi kikikiparua. Sharti kuu ni kwamba ncha ya kisu ilingane kwa kimo na kitovu cha mzunguko.

Ncha ikipita juu ya kitovu, tumbo la kisu husugua chuma badala ya ncha kukata. Ikiwa chini, chuma huweza kukipanda kisu na kukivunja, hasa wakati wa kukata kipande. Aidha, uso wa kazi husalia na kinundu katikati.

Kwa njia ya zamani, fundi hutandika vipande vya bati chini ya kisu hadi kimo kipatikane. Bushi moja huweza kuhitaji visu vinne: cha nje, cha uso, cha ndani na cha kukatia. Kila kimoja kikifungwa, kazi ya kutafuta vibati huanza upya.

Suluhisho ni kila kisu kuwa na kishikio chake, kilichopimwa mara moja tu, ambacho huvuliwa na kuvishwa kwenye nguzo moja.

Muundo upi?

Vishikio vya aina ya Aloris, vya Marekani, hushikwa kwa kabari na mkia wa njiwa. Vile vya Multifix, vya Uswisi, huweza kuelekezwa pande 40. Vyote ni vya kutegemewa, lakini kuvitengeneza kwahitaji mashine ambazo karakana ndogo haina.

Muundo rahisi zaidi ni ule wa Norman, uliotumiwa kwenye makerezo ya Drummond ya Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Huo una nguzo ya mviringo na kishikio chenye tundu la kuivaa. Kishikio hupasuliwa upande mmoja ili bolti moja ikikazwa, tundu liibane nguzo. Takriban kazi yote huweza kufanywa kwa kerezo lenyewe.

Vipimo

Kwanza, pima kimo kutoka uso wa kitelezi hadi kitovu. Tuchukulie kuwa ni milimita 40, na kisu kina unene wa milimita 12. Sakafu ya mfereji wa kisu itapaswa kuwa milimita 28 juu ya kitelezi.

Chonga mfereji ili sakafu yake iwe kwenye milimita 24 kishikio kinapoketi chini kabisa. Milimita 4 zilizosalia zitapatikana kwa skrubu ya kukiinua, ambayo ncha yake huegemea ukingo wa juu wa nguzo. Kisu kikinolewa, ncha yake hushuka. Zungusha skrubu kidogo, kisha kaza nati ya kuizuia.

Tundu lipite kwenye nguzo bila kukwama wala kuyumba. Likiwa pana mno, bolti itakazwa kwa nguvu na kisu bado kitatikisika. Vilevile, kisu kisichomoze mbali na nguzo kuliko inavyohitajika.

Ekseli kuukuu ya lori hufaa kwa nguzo. Hata hivyo, baadhi huwa zimeimarishwa kwa moto na hukataa kisu. Zipashwe hadi ziwe nyekundu, kisha zifukiwe kwenye majivu zipoe polepole.

Udhaifu wake

Muundo huu hurudisha kimo, lakini haurudishi pembe. Kwa hivyo, kila kishikio kinapovishwa, kielekezwe kwa kukilinganisha na uso wa kichwa kinachoshika chuma, au kwa pini ya kukizuia mahali pake.

Wepesi wake usimshawishi fundi kubadilisha kisu mashine ikizunguka. Izimwe na isimame kabisa kwanza. Glavu na mikono ya shati inayoning'inia ni hatari karibu na chuma kinachozunguka.

Fundi mwenye vishikio vinne vilivyopimwa hatatafuta vibati tena usiku pikapu ikisubiri mlangoni. Atalegeza bolti moja, abadilishe kishikio, aelekeze kisu, akaze, na kuendelea na kazi.