Hamamu Iliyozikwa Ardhini

Bafu la ploti yetu, hapa Githurai, ni mabati pande nne na juu. Ukiingia alfajiri unatetemeka. Ukiingia saa nane mchana, Februari, unatoka na jasho kuliko ulivyoingia. Tunalitumia keja kumi na mbili. Kila nikisubiri zamu yangu na ndoo mkononi, huwa nafikiria Kashan.

Kashan ni mji wa Iran, kusini mwa Tehran, ukingoni mwa jangwa la Dasht-e Kavir. Kiangazi joto hupita nyuzi 40. Majira ya baridi, usiku, maji huganda. Humo kuna hamamu ya umma inayoitwa Sultan Amir Ahmad. Ilijengwa karne ya 16, enzi ya Wasafavi, ikaharibiwa na tetemeko la ardhi la 1778, kisha ikajengwa upya enzi ya Waqajar. Nilikutana nayo nikiwa mwaka wa tatu wa usanifu majengo, wiki chache kabla karo hainishinda. Mhadhiri alirusha mchoro wake ukutani, akaupita haraka, akarudi kwa maghorofa yake ya vioo. Mimi nilibaki pale kwenye mchoro, na kusema kweli bado niko pale.

Kitu cha kwanza unachokiona ni kwamba jengo liko chini. Unashuka ngazi kuingia. Sababu moja ni maji. Miji mingi ya jangwa la Iran iliishi kwa qanat, handaki linalochimbwa kutoka miguuni mwa milima, likiteremka polepole hadi mjini. Hakuna pampu, maji yanajipeleka yenyewe. Lakini yanafika yakiwa chini ya usawa wa barabara, kwa hiyo anayeyataka lazima ayafuate huko huko. Sababu ya pili ni udongo. Mita chache chini ya ardhi, joto halibadiliki sana kati ya Januari na Julai. Ukizika kuta zako, ardhi inakushika kama blanketi: haikuachi uungue, haikuachi ugande.

Halafu kuna kona. Mlango wa barabarani haukupeleki moja kwa moja ndani. Ujia unapinda kwanza. Hapo macho ya wapita njia yanaishia ukutani, na hewa ya nje vilevile. Unaingia sarbineh, ukumbi wa pembe nane wenye nguzo nane na kidimbwi katikati. Hapa watu walivua nguo, wakakaa, wakapiga stori. Ukitaka kuendelea unapita ujia mwingine uliopinda, ndipo ufike garmkhaneh, chumba cha joto na mvuke. Kwa hiyo ndani ya jengo moja kuna hali za hewa tatu hivi, na mwili unatembezwa kutoka moja hadi nyingine bila kushtuliwa. Huko nje hewa ni kavu inayopasua midomo. Humu ndani unyevu unatunzwa kama pesa.

Ninachokipenda zaidi kiko chini ya sakafu. Tanuri lilichemsha maji, likilishwa miiba ya jangwani na samadi kavu, maana kuni hazikuwepo za kuchezea. Moshi wake haukuachwa upotee. Ulizungushwa kwanza kwenye vijia vyembamba chini ya mawe ya sakafu, ukayapasha joto, ndipo ukapanda juu. Mafundi waliviita vijia hivyo gorbeh-ro, yaani njia ya paka. Kuta zilipakwa saruj, lipu ya chokaa, majivu na udongo, na mara nyingine ute wa mayai na manyoya ya mbuzi, ili maji yasipenye.

Na juu, makuba. Ukisimama kwenye paa yanafanana na sinia ya mandazi, kila moja limetobolewa na kufunikwa vioo vilivyobinuka. Mwanga unaingia, jicho haliingii. Kuba pia lina upande mmoja wenye kivuli karibu saa zote za mchana; paa bapa halina pa kujificha.

Sitaki kuipamba sana. Wote walizama kwenye birika moja la maji moto, na magonjwa yakazama nao, hadi karne ya 20 mabirika hayo yakaachwa, watu wakahamia bomba za manyunyu. Tena ni katika hamamu nyingine ya Kashan, ndani ya bustani ya Fin, ambamo waziri mkuu Amir Kabir alikatwa mishipa kwa amri ya Shah, Januari 1852. Chuo alichokianzisha, Dar ul-Funun, kilikuwa kimefunguliwa Tehran Desemba tu. Mtu kama mimi, aliyeacha chuo, hawezi kuisoma habari hiyo kwa utulivu.

Mtindo huu ulifika hadi kwetu pwani. Sayyid Said alijenga hamamu ya Kidichi, Unguja, mwaka 1850, kwa ajili ya mkewe Mwajemi. Baadaye Sultan Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, akajenga Hamamni katika Mji Mkongwe, ya umma. Niliwahi kufika Hamamni kwa malipo ya makala moja. Kuta nene, kivuli kizuri. Lakini hewa ya Unguja imeloa tayari, haihitaji mvuke wa mtu. Nilihisi jengo limevaa koti la nchi nyingine.

Kavu yetu iko kaskazini. Ndiyo maana mradi wangu wa mwisho chuoni ulikuwa hamamu ya Garissa: nusu imezikwa, kuta za matofali ya udongo, manyunyu badala ya birika. Jopo liliniuliza ni nani siku hizi anataka kuoga na wenzake. Nilinyamaza. Ningewaleta wakasimame kwenye foleni yetu na ndoo.

Mwezi jana nilimwomba landilodi tujenge ukuta wa pili wa matofali upande wa machweo, tuinue paa kidogo hewa moto itoke. Akauliza ni pesa ngapi. Nilimpelekea hesabu kwenye karatasi ya daftari. Bado hajajibu.