Saratani ya Mapafu: Kisu na Mipaka Yake

Tarehe 5 Aprili 1933, mjini St. Louis, Marekani, Dkt. Evarts Graham alimpasua daktari mwenzake aliyekuwa na saratani, akaliondoa pafu lote la kushoto. Mgonjwa huyo aliishi miaka 30 zaidi. Graham mwenyewe, aliyevuta sigara miaka mingi, alipatwa na saratani hiyo hiyo. Ilipogunduliwa ilikuwa imeingia mapafu yote mawili, haipasuliki tena. Alifariki Machi 1957, mgonjwa wake akiwa hai.

Kisu kina mipaka, basi. Mwaka 1994 tafiti mbili ndogo, moja Hispania na nyingine Marekani, zilionyesha kuwa wagonjwa ambao saratani ilikuwa imefika kwenye tezi za katikati ya kifua waliishi muda mrefu zaidi walipopewa dawa kabla ya kupasuliwa. Kwa hiyo daktari wa upasuaji, wa dawa na wa mionzi hufaa waketi pamoja kwanza. Ukimpeleka mzee wako, waulize kama wameketi. Na usishangae wakimwambia apande ngazi: wanapima kama pafu litakalobaki litamtosha kupumua.