Mashini yenye kusahau: historia ya kumbukumbu ya kuwashia

Bandugu, mwaka jana niliweka Linux mu mashini moja ndogo ili itunze TFC za wenzetu mu chumba chetu cha kusomea, hapa Lubumbashi. Siku nne kazi ilitembea muzuri. Siku ya tano umeme ukakatika. Uliporudi, mashini iliwaka lakini haikujua tena diski ya kuanzia ni gani. Dada mumoja alibakiza siku mbili kutetea kazi yake. Akaniuliza: «Kaka, TFC yangu iko wapi?»

Ilikuwa mu diski, salama. Kosa lilikuwa langu. Mu U-Boot, programu yenye kuamsha Linux, nilikuwa nimeandika setenv bila saveenv. Ya kwanza inabadilisha RAM tu. Ya pili njo inaandika mahali pa kudumu.

Shida hii ni ya zamani. Mu IBM PC ya 1981, mutu alipanga vifaa kwa kusukuma swichi ndogo juu ya ubao wa mashini. Mu 1984, PC/AT ikaleta chipu ya baiti 64 yenye kulindwa na betri: baiti 14 za saa, zenye kubaki za mipangilio. Betri ikikufa, mashini inasahau tarehe na diski.

Mashini ndogo nyingi hazina chipu ile. U-Boot, yenye kutoka kwa PPCBoot ya Mjerumani Wolfgang Denk na kupata jina lake mu 2002, inaandika mipangilio mu flashi ao mu kadi, pamoja na hesabu ya ukaguzi, CRC32. Hesabu ikikataa, inatupa yote na kurudia mipangilio ya kiwandani. GRUB ilichagua njia ingine: faili grubenv ya baiti 1024, nafasi tupu ikijazwa alama #, kwa sababu GRUB inaweza kuandika juu ya faili lakini haiwezi kuirefusha.

Wazee Baluba walikuwa na lukasa, ubao wa mti wenye shanga, wenye kusaidia watu wa Mbudye kukumbuka historia ya wafalme. Asiyejua kuusoma aliona shanga tu. Vilevile hapa: faili /etc/fw_env.config inapashwa kuonyesha Linux palepale U-Boot inapoandika. Ikikosea, kumbukumbu iko, lakini hakuna mwenye kuisoma.

Basi, siku ya kuweka Linux, fanya hivi: panga nakala mbili za mipangilio, ili umeme ukikatika katikati ya kuandika, moja ibaki nzima. Badilisha kintu kimoja kwa fw_setenv, kisha chomoa waya wewe mwenyewe. Washa tena, uangalie kwa fw_printenv. Mimi nilifanya jaribio lile usiku ule ule, mara tatu. Dada alitetea kazi yake siku iliyopangwa.