Hewa ya Kupigia Mbizi Tuiiteje?

Septemba 29, 2019, gari lililokuwa na mama na bintiye liliteleza kutoka kwenye feri pale Likoni likazama. Lilipatikana kwenye kina cha mita 58 hivi, likaopolewa Oktoba 11. Katika siku hizo za uchungu nchi nzima ilizungumza habari za wapiga mbizi, na wengi tulitaja “mitungi ya oksijeni” migongoni mwao. Jina hilo tungali tunalitumia, nalo ni hatari. Oksijeni tupu haivutwi chini ya mita 6 hivi. Mtu akiivuta kwenye kina kile cha Likoni, atashikwa na degedege baada ya muda mfupi, kidude cha kupumulia kimtoke mdomoni, afe maji.

Kilichomo katika mtungi wa kawaida ni hewa hii hii tunayoivuta mtaani Lavington, Nairobi: oksijeni asilimia 21, na karibu yote inayobaki ni nitrojeni. Ipo pia hewa ya pili, ambayo Waingereza huiita kwa neno lenye maana ya kutajirishwa na wauzaji wa safari za mbizi huiita naitroksi. Hiyo huwa na oksijeni asilimia 32 au 36. Anayeanza huulizwa mapema kama angependa kuongeza pesa kidogo apewe hiyo, na swali lenyewe limeshamwonyesha jibu. Nani akatae utajiri?

Kwa Kiswahili wapo watakaosema “hewa iliyorutubishwa”, kama tunavyosema urani iliyorutubishwa. Mimi nalikataa neno hilo. Rutuba ni sifa ya udongo unaostawisha, na msikiaji ataamini kwamba hewa hii inampa nguvu au inamruhusu kwenda chini zaidi. Ukweli ni kinyume. Faida yake inatokana na nitrojeni iliyopungua, kwa kuwa nitrojeni ndiyo inayojipenyeza mwilini chini ya shinikizo la maji na kutoa viputo mtu akipanda haraka. Oksijeni iliyoongezeka ndiyo gharama yake. Kwa kipimo cha tahadhari cha shinikizo la oksijeni la bar 1.4, hewa ya kawaida ina kikomo cha mita 56, ya asilimia 32 mita 33, na ya asilimia 36 mita 28. Meli ya MV Dania, iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 kaskazini mwa Mombasa iwe makao ya samaki, imelala kwenye mchanga wa karibu mita 30. Mwenye hewa ya asilimia 36 hapaswi kufika chini yake, ilhali mwenye hewa ya kawaida mwenye ujuzi anafika.

Je, anayeanza anahitaji nini? Cheti cha kwanza humruhusu kushuka mita 18. Kwa majedwali ya PADI, shirika la mafunzo ya kupiga mbizi, kina hicho kwa hewa ya kawaida kina ruhusa ya dakika 56 kabla ya kulazimika kusimama njiani wakati wa kupanda; kwa asilimia 32 ni dakika 95. Tofauti hiyo inavutia mpaka uhesabu pumzi. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 una lita 2,400. Akibakiza bar 50 za akiba, ana lita 1,800. Mwanafunzi mwenye wasiwasi huvuta hata lita 20 kwa dakika akiwa juu, na kwenye mita 18, kwa sababu ya shinikizo, huwa lita 56. Hewa yake itamwishia baada ya dakika 32. Zile 95 amezinunua na hatazigusa. Kinachomfaa ni kujifunza kuelea na kupumua polepole.

Mkazi wa Lavington ana jambo lake la pekee. Mtaa huu uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Tumezoea kusema huku juu oksijeni ni chache, lakini asilimia ni ile ile 21. Kilichopungua ni shinikizo la hewa yote, na shinikizo likipungua nitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kutoa viputo. Ndiyo maana aliyepiga mbizi Diani au Watamu asikimbilie nyumbani. Mwongozo unaofuatwa kwa safari za ndege unamtaka angoje angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 baada ya mbizi nyingi au za siku kadhaa. Gari na treni ya SGR nazo zinampandisha milimani. Naitroksi haifupishi kungoja huko hata kwa dakika moja. Inapofaa kweli ni kwa mwenye cheti chake anayezamia mara kadhaa kwa siku, siku baada ya siku, hasa akifuata majedwali ya hewa ya kawaida ili abebe nitrojeni kidogo.

Naye ana wajibu wa kuupima mtungi mwenyewe. Anafungua vali kidogo, anashikilia kipimo pale hewa inapotoka, anangoja tarakimu zitulie, kisha anaandika kwenye utepe: 32, mita 33, tarehe, sahihi yake. Utepe huo unatuonyesha istilahi tunayoihitaji. Tuseme “hewa ya 21”, “hewa ya 32”, “hewa ya 36”. Majina hayo hayasifu wala hayadunishi. Yanamwambia mtu anavuta nini na kumkumbusha kuuliza kikomo chake.

Basi ewe unayeanza, anza na hewa ya 21. Ukishaweza kutulia majini na kuupima mtungi kwa mkono wako, soma kozi ya hewa ya 32. Nanyi waandishi na watangazaji wenzangu, mtungi ulio mgongoni mwa mpiga mbizi uiteni mtungi wa hewa.