Jiwe la Shinkolobwe na hesabu ya chembe

Ndugu zangu, bale walimaliza na bale wangali masomoni, leo tuongee historia ya kuhesabu kitu chenye jicho haliwezi kuona.

Mwaka 1909, kule Manchester, Hans Geiger na Ernest Marsden walikaa gizani, jicho kwenye mikroskopi, wakihesabu vimetameta kimoja kimoja. Kazi ya aina hiyo ilitaka radiamu, na radiamu ilikuwa ghali sana. Kiisha ikatoka kwetu. Madini ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, yaligunduliwa mwaka 1915, na miaka ya 1920 Union Minière ikayapeleka Olen, Ubelgiji. Bei ya radiamu ikashuka duniani. Jiwe lilitoka Katanga, vyombo vya kulihesabu vikatengenezwa kwingine.

Mwaka 1928 Geiger na Walther Müller walitoa bomba lao: chembe ikipita, mpigo wa umeme. Lakini kiisha kila mpigo bomba linapofuka kidogo, na kaunta ya meno ya chuma ilikuwa nzito zaidi. Mwaka 1932 Wynn-Williams wa Cambridge akapanga ngazi za valvu, kila ngazi ikipitisha mpigo mmoja kati ya miwili. Ngazi tano, mipigo 32 inakuwa mmoja. Hesabu hiyo ya mbili-mbili ndiyo iko ndani ya kompyuta zetu.

Mwaka 1968, pale CERN, Georges Charpak akatandika nyaya nyingi, kila waya na amplifaya yake. Akapata Nobel mwaka 1992. Leo kwenye mashine ya LHC, makundi ya protoni yanapishana karibu mara milioni 40 kwa sekunde. Elektroniki inashika data kwa mikrosekunde chache, inaamua ya kubaki, mengine yote inatupa.

Inatuhusu nini, siye wa Lubumbashi? Mimi ninaona hivi: kobalti yetu mara nyingine inatoka na urani ndani, na viwandani kuna vyanzo vya mionzi vya kupimia. Jiwe halitapofusha bomba la Geiger. Chanzo kikali kinaweza, na bomba lingine la zamani likizidiwa linaonyesha karibu sifuri. Mfanyakazi anasoma sifuri, anasogea.

Kwa hiyo, wewe wa elektroniki, ukipewa kipimo usiulize tu kinaonyesha ngapi. Uliza kinapofuka kwenye ngapi.