Hewa katika upoezaji maji wa kompyuta
Hewa katika upoezaji maji ni tatizo la kompyuta ambazo kichakataji chake hupozwa kwa maji yanayosukumwa na pampu hadi kwenye rejeta yenye feni. Hewa hukusanyika sehemu ya juu kabisa ya mzunguko. Ikibaki juu ya rejeta, madhara ni madogo. Pampu ikiwa ndiyo iko juu, hewa huingia humo, maji husimama na joto hupanda haraka. Watu hulaumu feni bure. Dalili ni sauti ya kububujika. Kasha huinamishwa huku na huku pampu ikizunguka, viputo vifike tangini, kisha maji huongezwa. Pampu isiendeshwe kavu, kwani maji ndiyo hulainisha beringi zake. Katika mifumo iliyofungwa kiwandani, maji hupenya mipira polepole, na hewa huongezeka mwaka hadi mwaka.